Omu Moja

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba guu huota tende. Maana ya methali hii ilimdhihirikia binti mmoja wa Voi aliporudi nyumbani kwa likizo ya chuo, akaukuta mkahawa wa mamake umejaa harufu ya plastiki inayoungua.

Mama alikuwa ameacha makaa na kununua jiko la umeme. Jiko hilo lilitumia ekstensheni ndefu, iliyoungwa katikati kwa mkono na kuviringishwa utepe mweusi. Siku jiko na birika la umeme vilipowashwa pamoja, fyuzi ya plagi ilikatika. Mtu akatia kipande cha waya mahali pake.

"Wasiwasi wa nini, mwanangu? Chai si inachemka?" mama aliuliza.

Binti alikuwa amefaulu Fizikia katika shule ya upili, lakini aliisoma yote kwa Kiingereza. Alipotaka kumweleza mamake, maneno yalimkauka kinywani. Ikabidi amwite fundi wa mtaani, mzee aliyejifunza kazi kwa mikono.

Mzee alipima kwenye soketi: volti 240. Kwenye jiko: volti 230. Akabana waya mmoja kwa mita: ampea 10. Kisha akaokota kipande cha kaa, akaanza kuandika ukutani.

"Mama, umeme ni kama mto Voi. Volti ni mteremko unaoyasukuma maji kutoka milima ya Taita. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukinzani ni mawe yanayoyazuia njiani. Gawanya volti kwa ampea, upate ukinzani kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, upate nguvu kwa wati."

Jiko: 230 gawanya kwa 10, omu 23, 230 mara 10, wati 2,300. Volti 10 zilikuwa zimepotea kwenye ekstensheni: 10 gawanya kwa 10, omu 1, 10 mara 10, wati 100.

"Omu moja tu!" mama alicheka.

"Omu moja, Mama. Lakini wati 100 ni joto la balbu ya zamani isiyogusika. Nawe umeifunga ndani ya utepe, kando ya gunia la unga."

Kicheko kikakoma. "Na siku ile ya birika?"

"Mkondo ulikaribia ampea 20. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la waya huongezeka mara nne: wati 400. Fyuzi ya ampea 13 ilikufa ili nyinyi mpone."

Mama hakungoja kuambiwa. Alinyosha mkono, akazima swichi.

Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni hiyo mwaka 1827. Binti aliijua tangu kidato, lakini haikuwa imevuka mlango wa jikoni mpaka ilipopata maneno mkondo na ukinzani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, urasmi wa lugha haukamiliki katika hotuba na vyeti pekee. Hukamilika pia pale mama mpika chai anapoelewa kwa nini nyumba yake ingeteketea.

Ekstensheni ilitupwa, soketi mpya ikawekwa karibu na jiko. Hesabu ya mkaa ilibaki ukutani. Wateja wakiuliza, mama huwaeleza mwenyewe, akianzia mtoni.