Mhadhara si Imla

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huwaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameinamia madaftari, wakinakili kila neno nisemalo. Ndivyo nilivyokuwa. Nilifika Mlimani kutoka Nakapanya, mkoani Ruvuma, nikiamini kwamba kusoma ni kunakili. Muhula wa kwanza nilijaza madaftari manne. Nilipoulizwa kwenye semina mhadhara ulihusu nini, nilinyamaza. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari nikabadilishiwa lugha, na tangu hapo nikazoea kuficha nisichokielewa.

Likizo ile nilimsindikiza baba kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Karani alisoma bei ya mnada, kisha makato. Baba, aliyeishia darasa la nne, hakuwa na kalamu wala karatasi. Alinyoosha mkono: "Ndugu karani, hebu rudia hapo kwenye makato. Hilo la pili ni la nini?" Wengine watatu wakauliza baada yake. Hakuna aliyeona haya, kwa kuwa korosho zilikuwa zao.

Niliporudi chuoni nilibadili mwenendo. Nilisoma sura husika kabla ya kipindi, nikaingia na swali moja nililoliandika. Darasani niliandika hoja, si maneno. Nilipopotea, niliomba mhadhiri arudie. Jioni tulikutana wanne, kila mmoja akaueleza mhadhara kwa Kiswahili. Maelezo yalipokwama, ndipo tulipojua kwamba hatujaelewa.

Jambo hili si geni Mlimani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Rodney alipokuwa akifundisha historia, wanafunzi wa USARF waliendesha madarasa yao wenyewe siku za Jumapili na kuchapisha jarida la *Cheche*. Mwaka 1970 vyote viwili vilipigwa marufuku, lakini mijadala waliyoianzisha ingali ikisomwa hadi leo. Hawakungoja mtihani ndipo wafikiri.

Anayenakili leo bila kuuliza, kesho atakaa ofisini, atapokea waraka na kuusambaza bila kujiuliza unamuumiza nani. Na siku mkulima wa Nakapanya atakapomuuliza makato haya ni ya nini, atakuwa na jibu moja tu: "Ndivyo ilivyoandikwa."