Pale Mistari Inapokutana

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati. Dai hilo nililikumbuka nikiwa katika mazoezi ya kufundisha, nilipowapa wanafunzi wa kidato cha pili jozi tatu za milinganyo na grafu tatu ili waoanishe. Wengi walijaza majedwali marefu kwa Kiingereza, kisha wakabahatisha.

Nikawauliza kwa Kiswahili: mstari unaukata mhimili wa y wapi? Unapanda au unashuka? Basi y = 2x + 1 unaukata penye 1, ukipanda hatua mbili kwa kila hatua moja ya kwenda kulia; y = -x + 4 unaukata penye 4, ukishuka. Hukutana penye (1, 3), na hapo ndipo penye jawabu. Aidha, y = 2x + 1 na y = 2x - 3 hupanda kwa kadiri ile ile; ni sambamba, hawakutani abadani. (Istilahi nazo zina vituko: mstari unaopanda nao twasema una mteremko!)

Jozi ya tatu, y = 2x + 1 na 2y = 4x + 2, iliwatatiza, kwani grafu iliyosalia ilikuwa na mstari mmoja tu. Msichana wa nyuma akainua mkono: "Mwalimu, huyu ni mtu mmoja mwenye majina mawili." Kila nukta ya mstari ule ilikuwa jawabu.

Mtihani wa muhula ulikuja kwa Kiingereza. Ilimbidi atafsiri kwanza alichokwisha kukielewa.