Kinamasi Kisicho na Bamvua

Nimekulia Watamu, na kwetu hakuna aendaye kutazama ndege bila kuuliza maji kwanza. Yakipwa kabisa katika hori ya Mida, ndege hutawanyika mbali topeni, ukabaki kuhesabu nukta. Yakianza kujaa huwasukuma hatua kwa hatua hadi ukingo wa mikoko. Hapo ndipo unapomwona vizuri yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mzito wa kupasulia kaa, mgeni wetu kutoka pande za Somalia na Ghuba, ambako hutaga yai moja ndani ya shimo la mchanga.

Basi niliposimama alfajiri kando ya kinamasi cha Sironga, kaunti ya Nyamira, nilijikuta nasubiri saa isiyokuwapo. Maji ya huku hayana bamvua wala maji mafu. Yamekaa tu chini ya nyasi.

“Bwakire, omongina,” nikamwamkia mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe.

“Tata, umekuja kununua matofali?”

“Hapana, mama. Nimekuja kutazama korongo.”

Akanikagua darubini, viatu, kisha uso. “Hao? Ngoja watoto wa shule wapite. Watashuka.”

Wakapita, na korongo wakashuka, wawili, taji za dhahabu zikiwaka kwenye ukungu. Saa mbili wakaja ng'ombe, na yangeyange nyuma ya kwato; korongo wakasogea kidogo. Saa tatu wakaja wafyatua matofali, korongo wakahamia ng'ambo. Nikafungua daftari na kuandika saa hizo moja baada ya nyingine, kama ninavyoandika kujaa na kupwa nikiwa nyumbani. Tofauti ni kwamba tope la Mida likifunikwa huachwa wazi tena kabla siku haijaisha. Shimo lililotoa udongo wa tofali sikuona likirudisha matete, na korongo hujenga tago lake papo hapo, juu ya majani aliyoyalaza majini.

Sululu mmoja mdogo alikuwa akitikisa mkia kwenye ukingo wa shimo. Huyo tunaye hata Mida. Anatoka kaskazini ya mbali na hachagui chumvi wala maji baridi. Nilifurahi kama aliyekutana na jirani yake stendi ya Kisii.

Korongo huyu ndiye aliyemo katika bendera ya Uganda, na tangu 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ana kidole kirefu cha nyuma, hivyo yeye na ndugu yake mweusi wa ukanda wa Saheli ndio korongo pekee wanaolala mitini. Jioni nikaona mti wenyewe: mkaratusi, uliopandwa ukingoni, ukinywa maji yale yale anayotagia ndege. Wakatua juu kabisa, wakayumba, wakatulia.

Mama alikuwa bado hapo, akifunga mzigo.

“Mti huu ni wako?”

“Ni karo ya muhula ujao.”

“Na korongo watalala wapi?”

Akaupandisha mzigo kichwani. “Kwani wewe, tata, kwenu si Watamu? Leo unalala wapi?”

Nilikuwa nimelipia chumba Kisii.