Mwanzi wa Kupigia Picha

Mimi ni karani wa parokia huku nyanda za juu za Njombe. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na risiti za zaka, na siku za sikukuu hupiga picha, kwa kuwa kamera ndogo ya parokia hulala katika droo ya meza yangu. Kupiga picha sikufundishwa. Chuo cha ualimu kilinifundisha kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka, basi.

Miaka miwili iliyopita Baba Askofu alikuja kutoa Kipaimara. Watoto walikuwa 84. Baada ya Misa niliwapanga safu nne mbele ya kanisa, nikawapiga picha nami nikiwa nimesimama chini kama wao. Picha ikasafishwa mjini, ikatundikwa ofisini, kila mtu akaisifu. Miezi miwili baadaye mama mmoja alikuja, akaketi kwenye benchi, asiseme neno kwa muda. Kijana wake alikuwa amefariki kwa homa, na nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja.

"Karani, mwanangu, alikuwamo katika ile ya Kipaimara," akasema.

Tukamtafuta safu kwa safu. Mwishowe mama akaweka kidole. Nyuma ya msichana mmoja mrefu palionekana sikio na ukosi wa shati jeupe. "Huyu ndiye." Nikaiondoa picha ukutani nikampa, naye akaifunga katika kanga yake akaenda zake. Mimi sikuwa na la kumwambia.

Tangu siku ile nikawa nawaza. Kosa lilikuwa langu, maana mtu akipiga picha akiwa chini, walio mbele huwafunika walio nyuma. Nilijaribu ngazi, lakini ngazi hutaka ukuta wa kuegemea, nao watoto hawako ukutani. Vile vindege visivyo na rubani hutaka fedha nyingi, tena na kibali. Milingoti ya dukani nayo bei yake hainihusu.

Basi nikaenda kwa mzee mmoja mwenye kichaka cha mianzi. "Kamwene, baba," nikamwamkia, nikamweleza haja yangu. Akacheka. "Kata uliokomaa, mwalimu. Ile michanga usiiguse, ni ya ulanzi." Nilikata mmoja wa mita 5, nikauanika kivulini majuma matatu, kwa sababu juani mwanzi hupasuka.

Taabu ilikuwa pale juu. Chini ya kamera nyingi pana tundu la bolti ya robo inchi, yenye meno 20 kwa kila inchi. Dukani nilipewa ya milimita 6, nikaambiwa ni sawasawa. Kwa macho ni sawa kweli, walakini meno yake hayalingani: iliingia mzunguko mmoja ikakwama, na kama ningelazimisha, ningeiharibu kamera ya parokia. Robo inchi ya kweli niliipata kwa fundi wa mashine za kusaga, katika kopo lake la bolti za zamani. Nayo isiingie zaidi ya milimita 5 hivi, maana tundu ni fupi. Nikachonga kabari ya mti, nikaitoboa, nikaifunga kwenye ncha ya mwanzi kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, kamera iiname digrii 20 hivi. Tena niliifunga kamera yenyewe kwa kamba ya pili, bolti isije ikalegea nikalipa mwaka mzima.

Kamera ina saa ya kungoja sekunde 10. Unabonyeza, unausimamisha mwanzi, unatulia. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu. Upepo ukaniyumbisha, nikapata picha nzuri sana ya bati la kanisa. Sasa vijana wawili hushika kamba za katani huku na huku, nami nalikanyaga shina lisiteleze. Tunapiga mara tano au sita, kisha tunachagua.

Hesabu yake ni ya darasani. Kamera ikiwa juu mita 5, na safu ya mbele iko umbali wa mita 10, watoto wenye kimo cha mita moja na nusu, basi aliye nyuma kwa mita moja huonekana sentimita 35 juu ya kichwa cha aliye mbele yake. Huo ni uso mzima. Lakini aliyepungua kimo kwa sentimita 30 utaona nywele zake tu, hata kwa mwanzi. Kwa hiyo wafupi wakae mbele, hata wakinung'unika kutengwa na rafiki zao.

Msisimamishe mwanzi karibu na nyaya za umeme, wala mvua ya radi ikitishia. Mwanzi mbichi au uliolowa hupitisha umeme, nanyi mmeushika.

Wala sidai nimevumbua kitu. Mwaka 1906 Mmarekani George Lawrence aliupiga picha mji wa San Francisco ulioharibiwa na tetemeko na moto, kamera yake ikiwa imepandishwa angani kwa vishada. Lakini yeye alikuwa fundi wa kazi hiyo.

Kipaimara cha mwaka huu watoto walikuwa 61. Picha ilipotundikwa, yule mama alikuja, ingawa hakuwa na mtoto humo. Alisimama mbele yake akihesabu nyuso kwa kidole, taratibu, mpaka 61. "Wamo wote," akasema. Kisha akaniuliza kama barua ya katekista wao imefika, nikamwambia bado.

Mwanzi uko nyuma ya mlango wa sakristia. Majirani wamekwisha kuuazima kwa harusi mbili. Bolti naiweka mwenyewe, ndani ya droo, maana ya pili sijaipata.