Mitoki, Bandama na Chuo cha Kifuani

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kusoma vitabu vya matabibu: mtoto akikanyaga mwiba na jeraha likaharibika, baada ya siku mbili huja akichechemea, akasema kinena chamuuma. Huo ni mtoki. Lakini wengi wetu tuliishia hapo, tukaudhania mtoki kuwa ndio maradhi yenyewe.

Kwa hakika mtoki ni mlinzi aliyeamka. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametandaza mwilini mwetu tezi ndogo ndogo kwa mamia, shingoni, makwapani, vinenani na tumboni, nyingi zake hazizidi ukubwa wa haragwe. Maji yachujikayo kutoka mishipa ya damu hukusanywa na vijishipa vyembamba. Hayana moyo wa kuyasukuma. Huenda kwa kujongea kwa misuli, na vilango vya ndani huyazuia yasirudi nyuma. Kabla ya kurejea katika damu, hupitia katika tezi hizo, na chembe nyeupe zilizomo hupambana na vijidudu na kuongezeka. Ndiyo sababu ya uvimbe. Basi anayeuchua mtoki na kuliacha jeraha na uchafu wake, amempiga mlinzi na mwizi yungali ndani.

Chembe hizo huzaliwa katika uboho wa mifupa. Baadhi yake hupelekwa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, nayo ni chuo kama vyuo vyetu. Humo hufundishwa kumpambanua mgeni na mwenyeji. Zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe huuawa, na zinazofuzu ni chache. (Chuo changu, alhamdulillahi, hakina sharia hiyo.) Kazi yake haikujulikana mpaka mwaka 1961, Jacques Miller alipoonyesha huko London kwamba panya wachanga walioondolewa thaimasi hudhoofika katika kujikinga. Baada ya baleghe tezi hii husinyaa.

Ama bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto, huichuja damu na kuziondoa chembe nyekundu zilizochakaa, ambazo umri wake ni kama siku 120. Homa ya malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, bandama huvimba. Chale za tumboni haziifikii. Na hili nawaambia walimu wenzangu wenye fimbo: bandama iliyovimba yaweza kupasuka kwa pigo moja la ubavuni, na mtoto akafa kwa damu ya ndani. Mwogopeni Mungu.

Kuna uvimbe mwingine usiouma, wa shingoni, unaokaa majuma mengi huku mtoto akikonda na kutokwa jasho usiku. Huo waweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Baba mmoja wa mtaani kwetu alinijia nimwandikie kombe kwa ajili ya binti yake mwenye uvimbe kama huo. Babu wa mtoto alikuwa amekwisha kataa hospitali, akisema ni jicho la watu. Nilimwandikia, kwani baraka ya maneno ya Mungu siikatai, lakini nikamshurutisha aende kwa daktari kesho yake, na Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Walitoa maji kidogo kwa sindano, wakaupata ugonjwa, wakampa vidonge vya miezi 6. Yule babu ndiye aliyekuwa akimwita kila alfajiri, baada ya sala, aje avinywe.