Vitu Vitano Alivyotuagiza Mama



Baada ya Idi iliyopita tulimtoa Mama Lamu, tukamleta kwetu Mombasa ili macho yake yatibiwe. Tulimwandalia chumba chenye feni, godoro jipya na bafu la ndani, tukajiona tumemtimizia haki yake. Lakini hata kabla ya mwezi wa pili kwisha, alikuwa amepunguza kula na kusema. Aliposikia kwamba tunakwenda Lamu kuhudhuria nikahi, alitutajia vitu vitano: mdila wake wa kahawa, chetezo cha udongo, mkeka wa ukindu, kikuba cha asumini na kitabu chake cha utendi.

"Hivyo tu, mwanangu," alisema.

Tulipanda basi alfajiri. Tulipita Malindi, tukavuka Mto Tana huko Garsen, kisha Witu, na baada ya Adhuhuri tukawa Mokowe tukingoja mashua. Lamu imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na wageni huja kuitazama kutoka mbali. Kwetu sisi, vichochoro vile ambavyo hapapiti gari, ila mtu kumpisha punda na mzigo wake, ni njia ya kwenda kwa Mama.

Nyumba tuliikuta baridi na kimya. Mdila ulikuwa ndani ya daka, na kando yake kitabu kilichofungwa kwa kipande cha leso. Ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Nakala ya Mama imeandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na pembe za kurasa zimelainika kwa kushikwa.

Jirani alipobisha hodi, mama wa makamo ya Mama yetu, tulimuuliza asumini inauzwa wapi. Alitutazama kwa huruma.

"Mwanangu, asumini hata Mombasa iko. Aliyoipenda mamako ni ya kuletewa."

Ndipo akatueleza tusiyoyajua. Kila siku baada ya Alasiri, mkeka ulitandikwa. Yeye huja na kikuba, mwingine na kashata, na Mama huteleka kahawa na kufukiza udi. Kisha utendi husomwa.

"Mamako haoni herufi mwaka wa pili huu," alisema. "Yeye hukishika kitabu, kisha hunipa nisome."

Tuliona haya. Mara ngapi tumepanda mimbari kuifasiri aya ya 23 ya Suratul Israi, inayoamrisha kuwatendea wema wazazi wawili? Nasi tulidhani wema ni feni na godoro. Tulimhamisha Mama bila kumuuliza siku yake huipitishaje.

Tulirudi na vitu vyote vitano. Kikuba, alichokitunga jirani kwa mikono yake, kilikuwa kimenyauka njiani. Mama alikipeleka puani.

"Katunga nani?"

Tulipomtajia jina alitabasamu, kisha akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Usiku ule tulimsomea utendi sisi wenyewe, jambo ambalo hatukupata kulifanya tangu tulipooa. Kila tulipokosea alitusahihisha kwa moyo, akaomba na kikombe cha pili cha kahawa.

Tumekubaliana na ndugu zetu. Daktari akishamaliza matibabu, inshaallah Mama atarudi Lamu, na tutapokezana zamu ya kukaa naye. Mkeka, mdila, chetezo na kitabu vitarudi pamoja naye.

Nanyi wasomaji wetu, kabla hamjawanunulia wazazi wenu kitu, kaeni nao baada ya Alasiri muwaulize wanachokipenda, na nani huwaletea. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwahi radhi zao wangali hai. Amin.