Kabla ya kuutumia msemo, ujue pa kuusemea

Vijana wa Makiso, mtaa wa Kisangani, huniomba orodha ya misemo ya Kiingereza na maana zake. Nawaelewa: kwetu tunasoma kwa Kifaransa, Kiingereza tunakitafuta baadaye kwenye simu. Lakini orodha peke yake inapotosha.

Hapa Uingereza utasikia kwamba fulani "amepiga ndoo teke". Orodha itakuambia: amekufa. Ni kweli, ila huo ni msemo wa mzaha. Ukiutamka mbele ya wafiwa, umewavunjia heshima. Kwetu matangani tunasema marehemu ameaga dunia, na hakuna anayeudhika. Vivyo hivyo, mwenye mafua huwaambia wenzake kazini kwamba yuko "chini ya hali ya hewa". Mgonjwa mahututi hasemwi hivyo. Na msimamizi akikuambia "mpira uko upande wako", usikae kumngojea. Msemo huo umetoka kwenye tenisi: mpira ukishavuka wavu, zamu ni yako. Yeye ndiye anayengoja jibu.

Sisi watu wa Boyoma, yaani Kisangani, tuna mfano wetu wa usemi wa aina hii, tena mkubwa: lokole, ngoma ya Walokele ya kupeleka habari. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka 1938, alichapisha kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Lokole haitamki herufi. Ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa Kilokele, mwezi na kuku vina mdundo uleule. Basi mpigaji hupiga maneno mengi: mwezi unaoitazama dunia kutoka juu; au kuku, yule mdogo anayelia kiokio. Mwenye hofu huambiwa kwa lokole aushushe moyo uliompanda kinywani. Waingereza nao, wakishtuka, husema moyo umewafika kinywani.

Kwa hiyo Mwingereza kazini hufupisha kwa msemo, na mpiga lokole hurefusha ili neno lake lisichanganywe na jingine lenye mdundo uleule. Wote wawili wanaeleweka kwa sababu msikilizaji amelelewa katika mazoea hayohayo. Mgeni hana mazoea hayo. Lazima ayajenge kwa kusikiliza.

Ndugu zangu, kila msemo mnaouandika daftarini, uandikieni mambo matatu: nani aliusema, alimwambia nani, na kulikuwa na tukio gani. Ukikosa hata moja, usiutumie bado. Sema wazi "amefariki" au "ninaumwa". Utaeleweka, na heshima yako itabaki palepale.